Nilivyolipishwa "chakula kutoka nje" kwa sababu ya jogoo aliye hai

Wakuu, habari za kushinda.

Mimi humu ni msomaji tu. Nyuzi zenu nazisoma zote, nacheka peke yangu barazani mpaka wateja wanadhani nimepigwa shoti. Kuandika ndiyo leo. Ninachosimulia kimenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, na anayebisha ajue shahidi yupo hapa nyumbani. Alfajiri utamsikia anawika.

Kwanza mnijue kidogo.

Ni mkazi wa Bagamoyo, elimu yangu form four, kazi yangu kutengeneza feni, pasi na redio hapa hapa kwenye baraza ya nyumba yangu. Sitoki. Sina ugomvi na mtu wala sijifichi deni, ila sitoki. Mke wangu Zuhura huwaambia mashoga zake kwamba akitaka kujua nilipo anaangalia kiti. Nisipokuwepo kitini, basi nipo chooni.

Sasa, mama mkwe wangu anakaa Vigwaza, na tangu tuoane alikuwa hajafika kwetu. Nilikuja kuambiwa kwamba siku ya posa aliuliza swali moja tu: "Huyo kijana haendi shamba, haendi baharini, haendi mjini. Sasa anaenda wapi?"

Akajibiwa haendi popote.

Akanyamaza. Wanaomjua wanasema kunyamaza kwake ndiko kubaya.

Basi majuzi akatuma salamu kwamba anakuja. Zuhura siku hiyo yupo kazini Mbegani, ruhusa kanyimwa, kurudi ni jioni. Mapokezi yote yakaniangukia mimi.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wasioelewa. Wakwe zangu ni Wakwere wa kizamani. Kwao mama mkwe na mkwewe wa kiume hawali pamoja. Tena si sahani moja tu, hata kuonana mmoja anatafuna haipendezi. Hamkai meza moja, hamtazamani usoni, hampeani mkono. Mkikutana kichochoroni mmoja anapisha. Hakuna chuki hapo, ni heshima, na inachosha kama heshima zote.

Kukaa mimi na yeye wawili tu ndani ya nyumba, Zuhura hayupo, ndiyo kabisa halisemeki.

Kwa hiyo Zuhura akapanga. "Mpokee stendi, mpeleke pale pa kuku pa kisasa palipofunguliwa. Mwagizie, wewe kaa mbali. Nitajitahidi niwahi kutoka."

Nikamwambia, "Si nipike tu hapa, nimwekee ndani, mimi nikae nje?"

"Umpikie mama yangu? Wewe? Arudi Vigwaza akasimulie mtoto wake kaolewa na mpishi?"

Wakuu, mimi napika. Mtu anayeshinda nyumbani atafanya nini? Wali wangu unaupita wake, na hilo naomba libaki humu.

Akamalizia hivi: "Mama akisafiri hagusi chakula, gari linamtibua. Atashuka hajala tangu jana. Akilala na njaa kwenye mji wangu, mimi na wewe tusisemeshane."

Basi hilo ndilo lililokuwa shingoni mwangu. Mama ale, ashibe, asinione.

Stendi nikafika mapema mno, nimechomekea shati kama naenda kusomewa hukumu. Gari la Mlandizi likaingia. Mama akashuka, kanga mbili, mkoba begani, na kwapani jogoo mwekundu mkubwa, miguu imefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko?" Anaiuliza nguzo ya umeme.

"Hatujambo mama." Mimi naijibu ndoo ya muuza maji.

Akamweka jogoo chini, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Huyo ni wenu."

Nikasogea, nikamwokota. Ndivyo zawadi inavyopita bila mikono kugusana. Hapo mambo yanakwenda vizuri kabisa na nikaanza kujisifu moyoni. Kosa.

Pale pa kuku, jina silitaji, ni pazuri kwa macho. Milango ya vioo, kiyoyozi, ukutani picha za kuku wa kukaanga wakubwa kuliko mtu. Mama nikamwonesha meza ya dirishani. Mimi nikachagua ya nyuma kabisa, nikiwa nimempa mgongo.

Jogoo nikataka kubaki naye. Mama akamwambia jogoo, "Njoo ukae na mimi, babu. Mwenye nyumba ana kazi ya kuagiza."

Mwenye nyumba ni mimi. Nikaelewa kwamba kuanzia hapo mawasiliano yetu yatapitia kwa jogoo. Akamlaza chini ya kiti chake, nami nikaenda kaunta.

Dada wa kaunta hakuinua macho kutoka kwenye kioo chake.

"Combo gani?"

"Kuku na chipsi, sahani moja, na soda. Ni ya yule mama wa dirishani."

"Na wewe umekaa wapi?"

"Kule nyuma."

"Mpo pamoja?"

"Tupo pamoja."

"Sasa mbona meza mbili?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

Hapo ndipo akainua macho. "Mmegombana?"

"Hapana dada, tunaheshimiana."

"Mfumo unataka kila meza iwe na oda. Kama huli, kakae naye."

Nikajaribu kueleza. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Nikaagiza soda kwa ajili ya meza yangu, nikalipa, nikarudi kukaa.

Tukasubiri. Fast food, wakuu, hilo neno fast sijui wanalihesabia wapi. Waliokuja baada yetu wakala, wakafuta midomo, wakaondoka.

Mwisho mhudumu akaja na sinia, kuku, chipsi, soda zote mbili, akaliweka mbele yangu.

"Kaka, hicho ni cha yule mama."

"Mfumo unaonesha meza hii ndiyo iliyolipa."

"Ndiyo, nimelipa mimi, anakula yeye."

"Basi mpelekee."

"Siwezi kumpelekea."

Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyeacha dawa zake. Kisha akalichukua, akalipeleka taratibu, chipsi zimeshapoa. Mama akaomba maji ya kunawa. Akaoneshwa sinki, na sinki liko kwenye ukuta nilioukabili mimi. Yaani ili anawe apite mbele ya uso wangu. Basi akaletewa tishu zenye maji kwenye pakiti. Nikashukuru, nikidhani ni wema.

Nikasikia "Bismillah" ya chinichini. Nikashusha pumzi. Kazi imekwisha.

Jogoo akawika.

Haikuwa ile ya kujaribu sauti. Aliwika kama yuko juu ya paa la kwake, na humo ndani kuna vioo pande zote. Mtoto mmoja akaangusha soda. Watu wakageuka. Na mimi, wakuu, bila kufikiri, nikageuka.

Macho yangu yakakutana na ya mama mkwe. Paja la kuku liko mdomoni.

Akalirudisha kwenye sahani. Akavuta mtandio usoni. Akaisogeza sahani pembeni kwa kidole kimoja.

Nikajua hapo hali tena, hata aombwe na imamu.

Wakati huo meneja ameshafika, kijana mwenye tai na karedio ka mkononi. Anaongea kwa upole mkubwa.

"Samahani mama, chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Kuna tangazo pale." Kweli lipo, chini ya picha ya kuku.

Nikasimama. Heshima imeshavunjika, basi angalau nimtetee. "Meneja, hicho si chakula. Huyo yuko hai."

"Kaka, sisi hapa tunauza nini?"

"Kuku."

"Na huyo ni nani?"

"Jogoo."

"Sawa."

Form four yangu yote ikaniishia pale. Nikasema, "Lakini hajapikwa," nikaona mwenyewe halina nguvu.

Risiti ya pili ikaletwa. Ilikuwa na chakula kutoka nje, meza ya ziada, zile tishu za maji, na chini kabisa huduma.

"Huduma ipi hii?"

"Hii."

"Hii tunayobishana?"

"Ndiyo kaka. Mfumo unaijumlisha wenyewe."

Nikaanza kutoa hela. Hapo ndipo mama akafungua mdomo, kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya nyanya.

"Baba, umemtoza kama chakula?"

"Ndiyo mama, ni utaratibu."

"Haya. Mchukue ukatukaangie."

"Mama, vitu vya nje hatupiki."

"Kwa nini?"

"Hatujui vimetoka wapi."

"Basi kwenu si chakula, ni hela tu."

Meza ya jirani wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Meneja akasema atalifikisha ofisini. Hela hakurudisha, nisiwadanganye. Ila na mimi sikutaka tena irudi, nilitaka tutoke.

Mama akamwokota jogoo. "Twende babu. Hapa wanakutazama vibaya."

Nje jua kali. Mama akaegemea ukuta wa duka la jirani, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka. Mtu hajala tangu jana, na kuku niliyemlipia kabaki mezani. Nikamfikiria Zuhura. Nikafikiria Vigwaza nzima wanavyolipokea simulizi hili.

Mama akamtazama jogoo. "Babu, hebu muulize mwenye nyumba, kwake hakuna jiko?"

Nikamjibu jogoo. "Mwambie jiko lipo, ila mwenye jiko yupo kazini."

"Muulize, na yeye mikono yake iko wapi?"

Nikaita bajaji. Mama nyuma na mkoba, mimi mbele na dereva, jogoo miguuni kwangu. Dereva akauliza huyo kuku bei gani. Nikamwonesha njia.

Nyumbani mama hakuingia ndani. Alikaa barazani kwenye kiti changu, kile kile anachoangalia Zuhura, akawa anatazama feni za watu zilizofumuliwa. Majirani wakapita, wakasalimia, wakaona yuko nje hadharani na mimi nipo uani na moshi. Halisemeki likasemeka.

Nikakuna nazi. Wali, dagaa wa kukaanga, kachumbari, ndimu. Nilipika kama mtu anayefanya mtihani wa marudio. Vilipoiva nikatandika mkeka ndani, nikaweka sinia na maji ya kunawa, nikawasha feni, nikakohoa kwa nguvu, nikakimbilia uani na jogoo, nikakaa chini ya dirisha nimeupa mlango mgongo.

Nikasikia kanga zinaingia. Maji yanamwagika.

Mtu wa kushinda ndani anazijua sauti za nyumba yake. Feni ile nimeitengeneza mwenyewe, ina mkwaruzo mdogo. Nikausikia mkwaruzo, basi. Sahani haigongi. Nikasema tayari, hali. Kumbe anakula kwa mkono, na mkono haupigi kelele.

Muda ukapita. Halafu ikatoka sauti dirishani.

"Babu, muulize mwenye nyumba, ukoko kautupa?"

Wakuu, nyie mnaoelewa mnaelewa. Mgeni anaweza kula wali wako kwa adabu tu. Ukoko mtu hauombi kwa adabu.

Nikapitisha sufuria nzima dirishani, uso nimeugeuzia mnazi wa jirani. Ikapokelewa. Nikasikia kijiko kinakwangua, na sauti hiyo naomba niikumbuke siku nikiwa na huzuni.

Zuhura aliporudi alimkuta mama yake amelala kwenye mkeka chini ya feni.

"Mama kala?"

"Muulize jogoo," nikamwambia.

Kesho yake tunamsindikiza stendi, mimi nipo nyuma hatua nyingi kama inavyopasa, nikamsikia anamwambia Zuhura, bila kunong'ona: "Nilikuwa najiuliza yule mwanaume kwa nini haendi popote. Sasa nimekwenda mimi huko nje, nimeona. Mwache akae."

Haya, mafunzo. Someni kuta za hotelini kabla hamjakaa, na kila kinachowekwa mezani bila kuagizwa ulizeni kwanza, hata tishu. Mkiambiwa mfumo haukubali, jueni huyo mfumo hana mama mkwe. Na mwenye jiko kwake asione aibu kuliwasha.

Sasa nataka mnisaidie, maana hapa nyumbani tumegawanyika. Jogoo aliye hai, amefungwa miguu, yupo chini ya kiti: ni chakula au si chakula? Wanasheria wa humu njooni, na wenye wakwe njooni pia.

Zuhura anataka tumchinje sikukuu. Mimi nimekataa. Siku jogoo huyu akiingia sufuriani, yule meneja atakuwa amesema kweli.