Tulivyoenda Kenmore Kumsikiliza Mama Meilin

Ijumaa ya mwisho ya Juni, saa kumi na moja alfajiri, mimi na Baba tuliondoka Louisville kwa sababu ya posa. Kaka yangu Elie, anayefanya kazi Buffalo, anataka kumwoa Meilin, binti wa Kichina aliyesoma naye chuo kule Amherst. Mama yake Meilin alikuwa amekuja kutoka China, na Baba alisema hatajibu chochote mpaka akae naye. Mimi nilichukuliwa niwe mkalimani: Meilin ageuze Kichina kwa Kiingereza, mimi nigeuze kwa Kiswahili. Mimi, ambaye hata kanisani nikiitwa mbele natokwa jasho!

Saa tatu hivi tukafika Columbus, tukapita mtaa wa Northland kumchukua shangazi Nyota, dada ya Baba. Alikuwa na dumu la maziwa kwenye barafu, ya jamaa yetu mwenye ng'ombe nje ya mji.

"Bon, mama wa binti asipoyanywa tutajua ametukataa," akasema. "Na weye Furaha, leo utaongea ao utatuonyesha meno tu?"

Nikamwonyesha meno.

Kutoka Columbus ni tambarare, mahindi kulia, mahindi kushoto. Baba alilalamika njia nzima: "Inchi gani hii, haina hata kilima cha kupumzishia macho?"

Saa tisa alasiri tuliingia Kenmore, pembeni mwa Buffalo, nyumbani kwa Elie. Mama Meilin, mfupi, mwenye haya kama mimi, alitupokea kwa mikono miwili. Shangazi hakungoja, akammiminia kikombe tele. Kwetu mgeni akikataa maziwa amekataa nyumba. Mama wa watu akagusisha midomo, akaweka chini. Shangazi akamtazama Baba. Elie akatazama viatu vyake.

Meilin akaninong'oneza. Sauti yangu ilitoka kama ya panya: "Anaomba samahani. Kwao watu wazima hawanywi maziwa, tena baridi. Hata maji wanakunywa ya moto."

"Ya moto! Ni mugonjwa?" Shangazi akauliza.

Baba hakucheka. "Muulize, kwao banaishi na nini?"

Sentensi ya kwanza niliikosea, ya pili ikaenda. Kumbe mji wao ni mdogo, uko jimbo la Hunan, umekaa ndani ya milima kama ugali ndani ya bakuli. Mto unaukata katikati, na ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Mashamba ya mpunga na chai yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu. Wanauza chai na viti vya mianzi. Vijana wengi walikimbilia viwanda vya pwani, wakawaachia wazee wajukuu. Sasa treni ya kasi inapita chini ya milima na baadhi wanarudi kufungua nyumba za wageni. Wakati wa baridi nyama inatundikwa juu ya moshi wa jiko. Kabla ya kupanda mpunga, watu wanakwea kusafisha makaburi ya wazee wao.

Baba akasogeza kiti. "Na ng'ombe?"

"Baba yake alikuwa naye mmoja. Wa kulima."

"Kulima?" Shangazi akashika kichwa. "Donc banamupatia jembe?"

Tukacheka, hata Elie. Lakini Mama Meilin aliendelea, polepole. Ng'ombe huyo alipozeeka alikuja mnunuzi wa nyama, mzee wake akamfukuza. Ng'ombe alipokufa walimzika juu ya shamba la chai, na mzee jioni ile hakula.

Nilipomaliza kugeuza, Baba akauliza: "Alikuwa na jina?"

"Mzee wa Manjano."

"Hm." Baba akafuta miwani. "Bamezika ng'ombe. Hawa ni watu. Elie, oa."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia tangu Louisville. Shangazi akachukua kile kikombe, akaenda jikoni. "Basi nikamupashie moto, tuone!"

Asubuhi iliyofuata tulianza safari ya kurudi, na kwa mara ya kwanza niliomba kiti cha mbele, kando ya Baba. Nilizaliwa kambini Burundi. Milima ya kwetu, ambako Baba alichunga ng'ombe kabla ya kukimbia, sijawahi kuiona. Sasa naujua mji wa Mama Meilin kuliko kwetu, kwa sababu huko niliuliza. Basi nikamuuliza Baba, kwa Kiswahili, si Kiingereza kama kawaida yangu, ng'ombe wake waliitwa nani.

Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, na rangi zao, na mama zao. Tulipoingia Columbus alikuwa bado hajamaliza.