Sahani ya Ukingo Mnene

Kiwandani walimwita Mama Ukingo. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kupitisha sifongo kwenye kingo za sahani mbichi za udongo hadi ziwe nyembamba na laini kama sikio la mtoto. Hakuwahi kubuni hata kisosi. Lakini asubuhi ile alifika kabla mlinzi hajamaliza chai yake, akasimama mbele ya tanuri, viganja vikimwasha.

Ndani mlikuwa na sahani yake.

Mumewe, fundi seremala, alikuwa amepooza mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto, kijiko kilikimbiza chakula hadi chakula kikaruka ukingo, kikamwagika mezani. Wajukuu wakacheka. Tangu siku hiyo akawa anakula peke yake chumbani, mlango umefungwa.

Mama Ukingo akataka sahani iliyokunja ukingo ndani, chakula kigonge ukuta kirudi kijikoni. Akafinyanga mbili. Zote zikafunuka motoni kama maua.

Ndipo alipokwenda kupekua lundo la vyombo vilivyovunjika nyuma ya kiwanda, akaingiza mkono hadi chini, kwenye vya enzi za waanzilishi. Akachomoa kigae cha bakuli: ukingo umeinama ndani, mnene kama kidole gumba. Akapiga kelele peke yake! Unene ndio uliouzuia ukingo usifunuke. Na yeye, kwa mazoea ya sifongo, alikuwa akiupunguza unene huo hadi ukingo unakwisha nguvu. Sahani ya tatu hakuigusa kwa sifongo.

Sasa mchomaji akafungua tanuri.

"Dada, hii sahani au kofia?"

"Kofia utavaa wewe. Lete!"

"Ingoje ipoe. Haraka haraka haina baraka."

"Baraka iko nyumbani inanisubiri!"

Akaipokea kwa aproni, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ngiii! Haina ufa. Na ukingo umeinama vile vile alivyouacha.

Akaomba ruhusa, akaenda nyumbani nusu akitembea, nusu akikimbia.

"Mke wangu, umeniletea beseni la kuogea?" mumewe aliuliza alipopakuliwa wali.

"Kula kwanza, maneno baadaye."

Akasukuma kijiko. Wali ukapanda ukuta, ukarudi. Akasukuma tena, kwa fujo, makusudi. Hata punje moja haikutoka. Akakodoa macho, akasukuma mara ya tatu.

"Hebu fungua huo mlango," alisema, mdomo umejaa. "Waite wale wachekaji. Leo tuone nani atamwaga!"