Ofisi Ambayo Kila Siku Ilikuwa Jumanne

Fundi Kufufua alipewa jina hilo na watu wa mtaani kwake kwa sababu hakuna kompyuta aliyowahi kukubali kwamba imekufa. Ukimpelekea mashine iliyoliwa nusu na panya, alikuuliza panya mwenyewe yuko wapi, huenda naye akafaa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na humo mashine kuukuu zilipangwa mpaka darini, zikikoroma zote kwa pamoja hata fundi cherehani wa jirani akawa anashona kwa kufuata mapigo yao.

Umahiri wake hasa ulikuwa barua pepe. Wapo watu waliozoea programu zao za kale za kusomea barua, wakazipenda kama ndala zilizoshika umbo la mguu. Seva mpya zinazotunza barua hazitaki hata kuzisikia. Fundi alikaa katikati, akabembeleza huku, akatisha kule, mpaka barua zikapita.

Lakini nyumbani kwake mwenyewe mambo hayakupita. Mkewe alikuwa karani katika ofisi ya mizani na vipimo, mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Fundi alibaki na mama mkwe, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya viazi.

"Baba," mama mkwe alimwambia asubuhi moja akimsogezea bakuli, "barua za mji mzima zinapita mikononi mwako. Hii moja ya mwanangu ndiyo imekushinda?"

"Barua gani tena, mama?"

"Ya uhamisho! Makao makuu wamempigia simu jana. Nafasi ya huku kwetu wamempa, barua wameshaituma kwenye kompyuta ya ofisi yake. Kompyuta imegoma kupokea. Jumatatu asiporipoti na barua mkononi, nafasi anapewa mtu mwingine. Mimi nimechoka kukupikia, na wewe umechoka kula. Usikatae, nakuona unavyomeza."

Fundi hakukataa. Alitia begini bisibisi, nyaya, betri mbili tatu za saa na kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni, akapanda basi.

Kesho yake asubuhi mkewe alimpokea mlangoni mwa ofisi. Macho yalimng'aa, lakini neno lake la kwanza halikuwa la mahaba.

"Mume wangu, ukivuka hapa ni Jumanne. Tafadhali usibishane na mtu."

"Si leo ni Alhamisi?"

"Hapo uliposimama, ndiyo. Ndani ni Jumanne."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kompyuta ya ofisi ilikuwa zee la rangi ya jino bovu. Feni yake ilivuma kiasi kwamba karatasi zote mezani zilikandamizwa kwa mawe ya mizani ya kilo tano tano, na mteja mwembamba alishauriwa ashike meza. Ndani yake kuna kibetri kinachoikumbusha tarehe umeme ukizimwa, na kibetri hicho kilikuwa kimekufa. Basi kila asubuhi ikiwashwa, ilirudi siku ileile iliyowekewa kiwandani: Jumanne moja ya miaka mingi nyuma.

Mkuu wa ofisi alipoligundua hilo hakumwambia mtu. Alijifungia chumbani, akapiga hesabu ya umri wake, akatoka anatabasamu. Kwa tarehe ya nje, siku ya kustaafu ilikuwa imeshampita. Kwa tarehe ya kompyuta, alikuwa bado kijana mwenye miaka chungu nzima ya kutumikia. Akatangaza kwamba hii ni ofisi ya vipimo, wakati nao ni kipimo, na kipimo halali ni cha mashine ya serikali. Kalenda ya ukutani akaipigilia misumari ukurasa wa Jumanne hiyo.

Tangu hapo mfanyabiashara akileta mizani yake ikaguliwe na kugongwa muhuri, huambiwa arudi kesho. Akirudi, Mkuu anamwonyesha ukutani. "Si nimekwambia kesho? Leo ni Jumanne." Foleni iliota mizizi. Watu wawili walichumbiana humo wakaoana, wakarudi na mtoto, na zamu yao bado.

Fundi akavua shati la safari, akaketi mbele ya lile zee, akalisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Akakuta maradhi mawili. La kwanza, programu ya barua ilijua kufuli za zamani tu, na seva mpya ya makao makuu ilishazitupa kufuli hizo kwa sababu wezi wamejifunza kuzifungua. La pili lilikuwa kichekesho. Kila seva ilipobisha hodi na kuonyesha cheti chake, kompyuta iliitazama tarehe ya cheti, ikaitazama Jumanne yake, ikajibu: wewe hujazaliwa. Na mlango ukafungwa.

"Tuitupe, tuweke programu mpya," fundi akasema. "Nywila ya barua za ofisi ni ipi?"

Mkewe akaonyesha vidoti kwenye kioo. "Hii hapa."

"Najua. Nyuma ya vidoti?"

"Hakuna anayejua. Aliyeiandika alihama zamani."

"Basi waambieni makao makuu wawape nyingine."

"Wamekubali. Wanataka tuiombe kwa barua pepe."

Fundi alicheka mpaka akaegemea mizani ya magunia, mshale ukazunguka mara mbili. Kisha akamwendea Mkuu.

"Shikamoo, Mkuu. Ninayo betri hapa, ndogo kama kifungo cha shati. Nikiiweka, tarehe itakaa sawa, nusu ya ugonjwa itapona."

Mkuu akaikwepa ile betri kama aliyeonyeshwa nge. "Kijana, nimekukosea nini?"

"Betri tu, mzee wangu."

"Ukiiweka hiyo, mimi dakika hii ni mstaafu. Tena mstaafu wa siku nyingi, nimeshazoea! Tengeneza barua, huo ndio wito wako. Wakati wangu uache."

Basi fundi akatoa kile kikompyuta cha ukubwa wa sabuni, akakiweka katikati. Upande mmoja kikaongea na lile zee kwa lugha ya kizee, bila kufuli, bila kuulizana vyeti. Upande wa pili kikaongea na seva kwa kufuli mpya na kwa tarehe ya kweli, ambayo kilikuja nayo kutoka nje. Vidoti vikapokewa huku vikakabidhiwa kule, asijue mtu nyuma yake kuna nini. Kila upande uliamini unazungumza na mtu wa rika lake.

Fundi akabonyeza kitufe cha kupokea.

Mungu wangu! Barua zilizokuwa zimezuiliwa njiani zilikuja kama maji ya bomba lililopasuka. Na kwa kuwa mashine ya kuchapa ilikuwa imetegwa kuchapa kila kinachoingia, ilianza kutema. Ilitema barua, barua za kukumbushia barua, na barua za kuuliza kwa nini vikumbusho havijibiwi. Karatasi zikafika magotini. Watu wa foleni wakaingia kusaidia kuzikusanya, na mama mmoja mfupi akapotea kabisa, akapatikana kwa kupiga chafya. Mashine ikaishiwa wino ikaendelea kuchapa kwa hasira tu.

"Nimeipata!" karani akapiga kelele akiwa juu ya rundo, barua ya uhamisho mkononi, bado ya moto. Akapiga vigelegele, akamrukia mumewe shingoni mbele za watu, kisha akampelekea Mkuu agonge muhuri wa kumruhusu aondoke, kama ilivyo desturi.

Mkuu akaisoma taratibu. Akatazama tarehe ya juu. Akatazama ukutani. Akaiweka mezani na kuipandishia jiwe la kilo tano.

"Barua nzuri sana," akasema. "Hongera. Ila haijaandikwa bado."

"Imeandikwa, Mkuu! Shika, inaunguza!"

"Tarehe yake haijafika, mwanangu. Hata mimi nimeandikiwa za kustaafu, tatu, tena zenye maneno matamu. Nimeziweka kwenye faili la mambo yajayo. Siku ya barua yako ikifika, nitagonga."

"Itafika lini?"

"Sasa mimi ni mpiga ramli?"

Fundi akahisi damu inamchemka. Alikuwa amefufua vitu vingi, lakini hajawahi kufufua kitu kikamgeukia namna hii. Akatia mkono mfukoni, akaishika betri. Angefungua mgongo wa lile zee, akaitumbukiza, na Mkuu angestaafu kwa mlio mmoja. Mkewe akamwona, akamkamata kiganja.

"Mwache mzee wa watu," akamnong'oneza. Kisha akamgeukia Mkuu kwa adabu zote. "Mkuu, leo ni Jumanne ileile ya ukutani?"

"Ileile, haina shaka."

"Na mwaka uleule?"

"Uleule."

"Basi naomba unisamehe, mzee. Mwaka huo mimi niko shule ya msingi. Jumanne asubuhi tuna hesabu. Sina ajira hapa."

Watu wa foleni walianza kuhesabu kwa vidole. Mkuu naye akahesabu, mara ya kwanza kwa kwenda mbele, mara ya pili kwa kurudi nyuma, na uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu wa vipimo maisha yake yote, hajawahi kupunja hata gramu moja, wala asingeanza leo.

"Toba!" akasema akisimama. "Mtoto wa shule ofisini kwangu saa za masomo? Na wewe, fundi, mwaka huo ulikuwa wapi?"

"Shule pia, Mkuu," fundi akajibu. "Darasa moja nyuma."

"Na nani aliwaruhusu watoto kuchezea kompyuta ya serikali? Tokeni! Tokeni nyote wawili, upesi!" Akainua lile jiwe, akaichukua barua, akaisukuma mikononi mwa karani. "Na makaratasi yenu ya kuchezea ondokeni nayo, mnanichafulia meza."

Akawafungulia mlango mwenyewe, na alipomwona karani anachukua mkoba akamwambia kwa sauti ya baba, "Ukavuke barabara kwa uangalifu, binti."

Nje ilikuwa Alhamisi, jua limesimama wima. Basi la kurudi lilikuwa bado linaita abiria. Waliketi kiti cha nyuma, karani ameilaza barua kifuani, mikono yote miwili juu yake.

"Kumbe ulikuwa darasa moja nyuma yangu," akasema. "Mbona hukuniambia wakati unanichumbia?"

"Ningekwambia, ungenitaka?"

"Ningekutuma maji."

Jumatatu karani aliripoti ofisi ya mjini kwao na barua yake mkononi. Mkuu mpya akaisoma, akatazama tarehe, akatazama ukutani, na karani akaacha kupumua. Kisha muhuri ukashuka.