Alama Mbili kwa Namba Tatu

Watu wa Kirumba wakimtaja Masalu siku hizi husema, "Yule mzee aliyempa mwanawe mbili," wanacheka, kisha wanaendelea na safari zao. Nimechoka kuwasikia. Mtu ana miaka hamsini na sita, amefuma vitenge vilivyovaliwa kuanzia Magu hadi Sengerema, amelea watoto watano, halafu anabaki kuitwa kwa namba moja tu aliyoitamka asubuhi ya Jumatatu. Mimi ni Venant. Nilikuwepo asubuhi hiyo, na nina sababu zangu za kutocheka.

Tulifanya kazi pamoja kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na minne, mashine zetu zikitazamana. Yeye Msukuma wa Magu, mimi Mhaya wa Kamachumu, kwa hiyo utani ulikuwa kazi ya pili. Aliniita profesa, nami nilimwuliza kila Ijumaa kama ng'ombe wake wamejifunza kusoma. Kisha likaja soko huria. Mitumba ikashuka kwa marobota, vitenge vyetu vikabaki ghalani, na sisi tukaitwa mmoja mmoja ofisini kuambiwa kwamba tumepunguzwa. Neno hilo nalichukia hadi leo. Chumvi ndiyo hupunguzwa kwenye mboga.

Mimi niliondolewa mwaka tisini na tatu, yeye mwaka uliofuata. Nikaenda soko la samaki la Mwaloni kupima dagaa kwenye mizani ya mtu mwingine. Masalu akanunua sindano na uzi wa kushonea viatu, akapewa kona ya kibaraza na Sadrudin, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na uwanja wa mpira. Sadrudin alizaliwa nyuma ya duka hilo, na baba yake alikuwa ameuza minyororo na tairi hapo hapo. Mpira aliupenda kuliko biashara. Siku ya mechi alifunga duka saa saba, mteja akitaka asitake.

Masalu hakuwa fundi mzuri, niseme kweli. Viatu alivyoshona vilirudi. Lakini watu walimletea hivyo hivyo, kwa sababu pale kibarazani ndipo wachezaji walipopewa alama.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kila Jumatatu baada ya mechi tulimpa kila mchezaji alama, moja hadi kumi, na Sadrudin aliandika kwa chaki kwenye ubao aliofungia dirisha la duka. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wetu sote. Kama mchezaji alikuwa na ndugu hapo kibarazani, ndugu huyo alisema kwanza, na alitakiwa aseme chini. Huwezi kukaa mbele za watu ukamsifu mtoto wako mwenyewe, utaonekana huna haya. Basi baba husema tatu. Aliyekaa kulia kwake ndiye humjibu, "Unamwonea mtoto, huyu ni wa saba," na hapo mjadala unafunguka, kelele zinapanda, tunakuja kutulia kwenye sita. Wa kulia asipofungua, hakuna anayefungua, na alama inaandikwa kama ilivyotamkwa. Sikumbuki ikitokea kabla ya siku ile.

Kulia kwa Masalu nilikaa mimi.

Mtoto wake wa tatu, Alexander, alicheza namba tatu, beki wa kushoto. Mguu wa kushoto wa kijana yule ulikuwa kitu cha kutazama. Alipokuwa timu ya mkoa, Masalu alisema tatu mara ngapi, nami nikasema saba mara ngapi! Mwaka tisini na sita akaitwa timu ya taifa, akahamia Dar, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba timu ya taifa itakuja Kirumba kucheza mechi ya kirafiki na wageni wa nchi jirani. Zaidi ya hapo, mtu wa klabu moja ya Uarabuni angekuwepo. Alitaka kuchukua wachezaji wawili, na jina la Alexander lilikuwa linatajwa. Angeitazama mechi yetu, kisha nyingine Dar Jumamosi iliyofuata, halafu aamue. Jambo hilo Kirumba nzima ililijua, hata mama wauza vitunguu.

Ijumaa kabla ya mechi nilimwona Alexander akija kusalimia kwao. Siku zote alipita mbele ya kibaraza, akatushika mikono mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, hadi mwisho. Siku hiyo alizungukia nyuma, kwenye kichochoro cha choo cha Sadrudin, kofia imeshushwa usoni, akaingia kwao kwa mlango wa uani. Nilikuwa natoka Mwaloni, nilimtambua kwa mbali. Nikasema moyoni, haya, sasa sisi ni harufu ya dagaa. Mtoto niliyembeba mgongoni amekuwa mtu wa Dar. Nilikasirika, tena nikaifuga ile hasira siku tatu nzima.

Mechi yenyewe ilikuwa aibu. Watu walitoka Buzuruga na Kiseke kwa miguu, uwanja ukajaa tangu saa sita, na kwa dakika tisini hakuna shuti hata moja lililomfanya kipa wa wageni achafue kaptula. Bila kwa bila. Alexander hakupanda mbele hata mara moja. Winga wao alimpita alivyotaka, na mara mbili aliutoa mpira nje mwenyewe bila kusukumwa na mtu. "Mtoe huyo!" watu walipiga kelele, na wengine walikuwa wa mtaani kwetu. Masalu alikuwa jukwaa kuu, kwa tiketi aliyopewa na mwanawe. Mimi nilikuwa juani ng'ambo ya pili, na hilo nalo niliongeza kwenye hasira yangu.

Jumatatu asubuhi kibaraza kilijaa. Palikuwa na mgeni, kijana mwandishi wa gazeti la michezo, moja ya yale yaliyofumuka Dar miaka ile. Alikuwa ameambiwa kwamba mashabiki wenyewe wa Mwanza wanapatikana hapa. Sadrudin alimpa kigoda na chai. Utaratibu wetu hakuna aliyemweleza. Hatukufikiri kwamba ni jambo la kuelezwa, kama vile humwelezi mgeni kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula.

Kwa sababu ya uchungu, Sadrudin alianzia mbele badala ya golini.

"Namba tisa."

"Sifuri."

"Sifuri hapana, bwana, mtu amevaa viatu, ametoka jasho."

"Basi moja, ya kuvaa viatu."

Namba kumi akapata tatu. Nahodha, aliyeshinda akinyoosha vidole kama trafiki, alipata mbili na matusi juu. Hakuna aliyepandishiwa alama siku hiyo. Kila jina lilitupwa chini na kukanyagwa, na nilijua wengi hawakuwa wanamsema mchezaji. Walikuwa wanakisema kiwanda, wanaisema bei ya unga, wanajisema wenyewe. Kijana wa gazeti aliandika haraka haraka, akicheka.

"Namba tatu," Sadrudin alisema.

Wote walimtazama Masalu. Alikuwa anavuta uzi kwenye soli ya kiatu cha mwanamke.

"Mbili," alisema.

Kisha akageuza kichwa kidogo tu, upande wangu. Kama alivyofanya siku zote.

Nilichukua kikombe nikanywa chai. Ilikuwa ya moto, nikaimeza hivyo hivyo.

"Venant?" Sadrudin aliniuliza, chaki iko hewani.

"Baba mtu ameshasema," nilijibu. "Mimi ni nani?"

Masalu aliendelea kuvuta uzi hadi ukakatika. Sadrudin alinitazama, akamtazama yeye, akaandika mbili.

"Huyu ndiye baba mzazi?" kijana wa gazeti aliuliza.

"Ndiye," mtu mmoja alimjibu, na kijana akafungua ukurasa mpya.

Nilijiambia kwamba ni chaki tu, kufika Jumatano mvua au mikono ya watoto itakuwa imeifuta. Kufika Jumatano jioni gazeti lilitua Mwanza. Ukurasa wa nyuma, herufi kubwa kuliko kichwa cha mtoto: HATA BABA KAMPA MBILI. Chini yake picha ya Alexander akiwa ameanguka.

Getruda, mke wa Masalu, alikuja kibarazani asubuhi iliyofuata na gazeti hilo mkononi. Ni mwanamke wa maneno machache, na huwa hapiti penye wanaume wengi bila kuinamisha kichwa. Siku hiyo hakuinamisha.

"Mnajiita wazee," alisema. "Ijumaa mtoto amekuja kwangu kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Amepita uchochoroni mtu asimwone anavyochechemea. Nimemkanda kwa maji ya chumvi hadi giza limeingia. Akatuapisha, mimi na baba yake, tusimwambie mtu, maana viongozi wakijua wanamwacha na Mwarabu anamwona mwingine. Amecheza na mguu ule dakika tisini, mbele yenu. Nyie mmempa mbili!"

Alimgeukia mumewe. "Na wewe! Mbili?"

"Ni desturi, mama Aleki," Masalu alisema polepole. "Ya kwangu ni ya kuanzia."

"Haya. Nani aliimalizia?"

Mimi nilitazama minyororo ya baiskeli iliyoning'inia mlangoni kwa Sadrudin. Kichochoro, kofia, kila kitu nilikuwa nimekisoma kinyume.

Ijumaa redio ilisoma majina ya watakaocheza Jumamosi, na Alexander hakuwemo. Huenda kocha hakulisoma gazeti, huenda aliuona mguu. Sijui, na sitajidai kujua. Ninachojua ni kwamba Mwarabu aliondoka na wengine wawili, na mmoja wao alikuwa beki wa kushoto aliyepewa nafasi ile.

Alexander alikuja nyumbani mwezi wa nane, mguu umefungwa bendeji. Masalu aliniita tule pamoja. Nilitaka kukataa, lakini ningekataa kwa sababu gani? Tulikula ugali na sato, watatu, Getruda akiingia na kutoka. Kijana alinisalimia vizuri, kwa heshima zote, na akanisogezea bakuli la mchuzi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Baba," alisema baada ya muda, "kuna kitu nataka kuuliza. Nimekulia pale kibarazani, najua mnavyofanya. Niliposoma gazeti sikukasirika kwa mbili yako. Nilisema baba ameanza, kama kawaida. Nikajiuliza, sasa wa kulia amesema ngapi?" Akanigeukia. "Nikasema mzee Venant lazima hakuwepo siku ile. Angekuwepo isingebaki mbili. Ulikuwa umesafiri, mzee?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nilitafuna. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli, sitadanganya hapa. Nilikuwa na muda wa kutafuna tonge zima.

"Alikuwepo," Masalu alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia asipandishe."

"Wewe?"

"Mimi. Ulicheza vibaya."

Kijana alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Alijua mguu, alijua baba yake aliujua mguu, na mbele yake alikuwa na mtu mmoja tu wa kumlaumu. Alinawa mikono, akasimama. "Asante kwa chakula, mama," alisema, akatoka. Kesho yake alipanda treni. Mguu haukumrudia sawasawa. Sasa yuko Morogoro, anafanya kazi kwenye karakana ya magari, na barua zake huja kwa jina la mama yake. Ndani yake husalimu wadogo zake wote kwa majina, na jirani, hata Sadrudin. Baba hamtaji.

Ningependa kusema kwamba nilimfuata kijana kituoni nikamweleza. Sikumfuata. Nilikuwa na kazi Mwaloni, nikajiambia nitamwandikia, na karatasi nilinunua.

Alama tuliacha kutoa. Sadrudin aliupaka ubao rangi ya kijani, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Masalu bado anashona viatu vibaya pale pale, mimi bado napita jioni nikitoka kwenye mizani, tunaongea habari za mvua na bei ya sangara, na utani wa ng'ombe na profesa umekufa bila mtu kuuzika.

Mwezi uliopita tulibaki wawili. Nilishindwa kuvumilia.

"Masalu," nilisema, "kwa nini ulimwambia mtoto vile?"

Aliipitisha sindano kwenye soli, akaivuta upande wa pili, akaipitisha tena.

"Siku ile," aliniuliza bila kuinua macho, "ungesema, ungempa ngapi?"

"Saba," nilisema upesi.

"Acha uongo, Venant. Nilikuwa jukwaani, nilimwona. Saba haikuwepo pale." Alikata uzi kwa meno, akakiweka kiatu chini. "Nilikuwa nangoja useme tano. Tano tu."