Upande Wangu wa Sinia

Nyumbani kwetu Mwabungo wanawake tulikuwa tukila sinia moja: mama, shangazi, mdogo wangu na mimi. Kila mtu alikuwa na upande wake. Wangu ulikuwa kati ya mama, kuliani kwangu, na mdogo wangu, kushotoni, ukielekea mlango wa jikoni, na mama alikuwa akichambua miba ya samaki na kunisogezea minofu bila hata kunitazama. Mtu asipokuwapo, hakuna aliyemwekea nafasi. Tulijongea, wali ukatandazwa, tukala.

Uhuru ulikuwa umeingia juzi tu, na maofisi ya Nairobi yalikuwa yakitafuta vijana wa kushika kazi za wazungu waliokuwa wakifunga mizigo. Mimi hesabu nilikuwa nikiziweza, nikachaguliwa kwenda kujifunza kompyuta. Kijijini hakuna aliyejua hicho ni kitu gani. Mama alijua tu kwamba ni mbali. Asubuhi ya kuondoka nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anapepeta mchele. Nikamwambia nitarudi.

"Haya, nenda," akasema. "Sie tutajongea."

Nina hasira za karibu. Njia nzima nilikuwa nikimjibu kichwani, na kila jibu lilikuwa kali kuliko la kwanza. Nilipofika Nairobi hasira ziliisha, ikabaki hamu. Nilikula ugali peke yangu kwenye sahani ya bati, nikatamani mchuzi wa papa, nikatamani hata moshi wa vifuu vya nazi uliokuwa ukinitoa machozi jikoni. Zaidi ya yote nilitaka kujua kama kweli walikuwa wamekwisha kujongea.

Kompyuta yenyewe ilijaa chumba kizima na kunguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Haikuwa na kioo wala picha. Tuliilisha kadi ngumu tulizozitoboa vitundu, kadi moja kwa kila mtu wa kuhesabiwa, na bunda zima la kadi ndilo lililokuwa faili. Tulifundishwa kuiandikia maagizo: fungua faili, soma kadi, fanya hesabu, chapa, soma inayofuata, na kadi zikiisha, funga. Kwenye kadi kila jambo lilikuwa na mahali pake: jina, kisha sanduku la posta, kisha umri, kisha idadi ya minazi.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa la wakulima wa kubuni, na kwa kuwa mwalimu alijua ninakotoka, akawafanya watu wa pwani. Wengi wao hawakuwa na sanduku la posta. Nami nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya kwenye sinia. Palipokosekana sanduku, nikaujongeza umri, na minazi ikafuata nyuma. Karatasi ilipochapwa, bibi mmoja wa Msambweni alitoka ana umri wa miaka mia tatu, ndiyo hesabu ya minazi yake, na hana mnazi hata mmoja. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao.

Mwalimu, mtu wa bara aliyesomea ng'ambo, hakucheka.

"Kwa nini umesongesha hizi?"

"Hapakuwa na kitu, mwalimu."

"Kama hakuna kitu, unaacha nafasi yake. Hiyo nafasi ni ya sanduku la posta, likuwe, lisikuwe. Mwingine hawezi kukaa hapo."

Nikarudi kuzitoboa kadi upya, nikiacha mapengo, na machozi yakanitoka mpaka kadi moja ikalowa na mashine ikaikataa. Mwalimu alidhani ninalilia alama, akanipa pole. Nilikuwa nikililia upande wangu wa sinia.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani na khanga mbili za mama, nikajikaza nisionekane na haraka. Adhuhuri sinia likateremshwa. Nikajifanya ninanawa mikono polepole, maana sikutaka kuona. Walipokwisha kuketi nikageuka. Kati ya mama na mdogo wangu palikuwa wazi, na wali ulikuwa umerundikwa pale pale, ukielekea mlango wa jikoni.

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Kila siku ndivyo. Tukigusa hapo, twapigwa mikono. Sie tukiinuka, mama hubaki akala huo wako peke yake."

"Keti ule," mama akasema. "Wali unapoa."

Nikaketi. Akaanza kuchambua samaki, naye hakunitazama.

Mama hayuko tena, na shangazi pia. Nilifanya kazi ya mafaili mpaka nikastaafu, nikarudi Mwabungo, na sasa ninakula sinia moja na mdogo wangu na wajukuu. Ninamtamani mama kila siku ya Mungu, na saa ya kula ndiyo mbaya zaidi. Mjukuu akinyoosha mkono kwenye nafasi iliyo wazi kuliani kwangu, huwa nimekwisha kumpiga kofi mkononi kabla sijajua.