Kura ya Ami Nasor

Mara ya kwanza kumwona Ami Nasor ilikuwa mwaka 1981, nilipotumwa chokaa ya kupaka ukuta wa msikiti wetu wa Shella. Alikuwa juu ya tanuri lake, mweupe kutoka kichwani hadi miguuni, akipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo ya mnazi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Ondoka upande huo wa upepo, baba, usije ukarudi kwenu huna nyusi kama mimi."

Kweli hakuwa na nyusi. Tangu siku hiyo nikawa napita kwake. Mimi si mtu wa maneno, naye alikuwa nayo ya kututosha sote wawili.

Tanuri na kibanda chake vilikuwa kwenye kiwanja cha chama chetu cha maendeleo, ambacho wazee walikipata zamani ili mafundi wasio na ardhi wapate pa kufanyia kazi. Mwaka 1984 mwenyekiti wetu, Bwana Abubakr, akaleta habari kikaoni kwamba yuko tajiri anayekitaka chote ajenge nyumba za watalii. Ami Nasor akasimama. Hoja yake ilikuwa moja: kiwanja kisiuzwe mpaka wanachama wapige kura. Kahindi, Mgiriama aliyekuwa akimletea magogo, naye pia mwanachama, akaiunga mkono.

Mwenyekiti akatazama dari. "Tumeisikia. Al-Fatiha."

Kwetu kikao hufungwa hivyo. Fatiha ikishatajwa, mikono huinuka, midomo husoma, na hapana Mwislamu atakayeikatiza kwa maneno ya dunia. Tulipopangusa nyuso, mwenyekiti alikuwa keshavaa viatu.

Kikao kilichofuata Ami Nasor hakungoja ajenda. "Mwenyekiti, hoja ilitolewa, ikaungwa mkono. Je, una uwezo wa kuizuia isipigiwe kura?"

"Kikao nafungua mimi, nafunga mimi."

"Kufungua na kufunga ni kwako. Kuamua ni kwetu sote. Ama umetuita tunywe kahawa tu?"

Watu wakacheka. Msellem, muuza mafuta ya taa, akapaza sauti, "Mwache mzee apate kura yake, Bwana, twende zetu!"

Ami Nasor akatugeukia. "Wasiotaka kiwanja kiuzwe, wainue mikono."

Wangu uliinuka. Nikauona wa Msellem, wa Kahindi, nikaiona na ya watu wa nyuma. Na mingine ilikuwa njiani.

"Al-Fatiha!" mwenyekiti akasema kwa sauti kubwa.

Mikono yote ikainuka, ya waliokubali na ya waliokataa, viganja vikitazama juu. Ami Nasor mwenyewe, akiwa bado amesimama, alifungua viganja vyake akasoma. Hata Kahindi, asiyeijua Fatiha, alipangusa uso. Hapakuwa na cha kuhesabu tena. Baadaye ikasemwa kwamba hakuna aliyepinga.

Kabla ya Ramadhani tanuri likabomolewa, na ndani yake mawe ambayo hayajaiva. Ami Nasor alitafuta pengine pa kuchomea, lakini kila mwenye shamba aliogopa moshi. Mkewe, Bi Mishi, akarudi kwa nduguze Mambrui. Ami mwenyewe, ambaye swala haikumpita, akapata kazi ya kulinda mlango wa baa Mtwapa, na huko ndiko alikofia mwaka uliofuata.

Asubuhi aliyoondoka nilimbebea mkeka wake. Tulipoikaribia barabara kuu aliuchukua mkeka begani mwangu.

"Rudi, baba," akasema. "Ukinisindikiza mpaka barabarani, watu watadhani tulikuwa wengi."