Redio Aliyejifunza Kunyamaza

Kinyozi yule watu walimwita Redio, na si kwa sababu alikuwa na redio. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga kitambaa shingoni umeshajua nani kahama mtaani, nani kaposwa, na mechi ya jana ilikwishaje. Mdomo wake haukuwa na breki. Hakuwa mtu mbaya. Habari ikimwingia sikioni ilimwasha mpaka aitoe, basi.

Kwenye simu alikuwa na kundi la watu wanne, lililoitwa Kochi la Nyuma. Zamani wote wanne walikuwa wapangaji wa nyumba moja yenye televisheni moja, na kochi la nyuma ndilo lililokuwa lao: yeye, Mwalimu ambaye sasa amestaafu, Fundi Bomba, na Shangazi. Shangazi ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, lakini kwa jinsi alivyojua kukaripia, jina jingine lisingemfaa. Maisha yakawatawanya, kila mtu na mtaa wake, kochi likahamia kwenye simu. Humo walipiga soga za taarifa ya habari ya saa mbili usiku na tamthilia inayoifuata: msomaji kavaa tai ya nani, mkubwa fulani kakwepa swali gani, na yule mke wa tajiri analilia nini tena na jumba lote lile.

Shangazi peke yake hakuweza kutazama usiku. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni, idara ya kufungasha, zamu ya mchana mpaka usiku, kwa hiyo alingoja marudio ya kesho yake saa tano asubuhi. Miaka miwili nyuma Redio alimharibia. Aliandika kwenye kundi, bila hata salamu, kwamba daktari wa kwenye tamthilia ndiye aliyemuua kaka yake. Shangazi alikuwa ameisubiri siri hiyo miezi minane. Alijitoa kwenye kundi siku hiyohiyo, na kwa wiki tatu kochi likabaki na watu watatu wanaoandikiana "sawa" na "haya".

Mwalimu ndiye aliyekwenda kumbembeleza, akarudi na kanuni. Kilichoonyeshwa usiku, kiwe habari au tamthilia, kisitajwe mpaka Shangazi atazame marudio na aandike neno moja: "Fungueni." Naye Shangazi, kwa kutomwamini Redio hata chembe, akawa anazima simu tangu jioni mpaka marudio yaishe.

Redio alijifunza kunyamaza. Usiku wa kwanza alizunguka chumbani kama mwenye jino bovu, lakini alijifunza, na Mwalimu akamsifu mbele ya wenzake: "Redio sasa amekuwa mtu mzima." Sifa ile aliitunza. Mtu wa miaka hamsini na mbili, ambaye hajawahi kusifiwa kwa kufunga mdomo tangu azaliwe, utamlaumu?

Basi wiki moja Shangazi alichukua likizo amuuguze mama yake nyumbani, na kwa kuwa usiku alikuwa na mgonjwa, aliendelea kungoja marudio. Jumanne usiku taarifa ya habari ikaonyesha geti la kiwanda cha sabuni. Msomaji akasema kiwanda kinapunguza watu, na idara ya kufungasha watabaki sitini tu. Anayetaka kubaki afike getini yeye mwenyewe kesho kabla ya saa nne asubuhi, na kitambulisho cha kazi mkononi. Watakaotangulia ndio watakaoandikwa.

Redio alisimama wima. Akaandika kwenye kundi: "Jamani, mmeona kiwanda cha Shangazi?"

Mwalimu alikuwa jikoni akichemsha maji, hakuona lolote. Alichoona ni Redio anarudia ya zamani. "Redio! Kanuni!" akaandika.

Redio akaufuta ujumbe. Akaandika mwingine, "Lakini hii ni muhimu," akaufuta. Akaandika wa tatu na wa nne, zote akazifuta kabla hajakemewa. Kisha akampigia Fundi Bomba.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Fundi Bomba. "Ila we jamaa, mwajiri atangaze kwenye televisheni kabla hajawaambia watu wake? Ameshaambiwa huyo. Labda anaona aibu kusema. Mwache, kesho akifungua ataongea mwenyewe."

Maneno yale yalikuwa na sura ya akili, na Redio aliyapokea haraka kuliko ilivyostahili. Simu ya Shangazi ilikuwa imezimwa, ndiyo. Lakini nyumbani kwake si mbali, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na miguu Redio alikuwa nayo. Nisimfiche: alilala akijiona mwema, mtu aliyeuma ulimi wake kwa ajili ya rafiki.

Kesho yake asubuhi mteja wake wa kwanza alikuwa kijana wa pikipiki. Redio alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa pale kijana alipoanza kuongea.

"Wale wa sabuni wana kazi leo, mzee. Jirani yangu ameamka saa kumi na moja akapange foleni. Anasema kiwandani hawakuambiwa chochote, wameona kwenye televisheni kama mimi na wewe."

Mashine ikasimama hewani. Redio akatazama saa ukutani: saa tatu na robo. Alimpigia Shangazi simu mara mbili, haikupatikana. Ndipo akaelewa alichokifanya.

"Inuka," alimwambia kijana. "Washa pikipiki."

"Na kichwa changu?"

"Kitaota. Twende!"

Shangazi alifungua mlango akiwa na taulo la mama yake begani. Alipomwona Redio anahema, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Usithubutu! Sijatazama mimi! Redio, nitakufukuza hapa!"

"Shangazi, sikia kwanza—"

"Sisikii! Sisikii!"

Redio akamshika mikono, akaitoa masikioni. "Si tamthilia, ni wewe. Kiwanda kinaandika watu wa kubaki, mwisho saa nne. Chukua kitambulisho ukimbie. Mama nitakaa naye mimi."

Shangazi alimtazama usoni mara moja tu. Akaingia ndani, akatoka na kitambulisho na malapa mawili yasiyofanana, akapanda nyuma ya kijana mwenye nusu ya nywele.

Redio akabaki na mama. Alimpa maji, akamwekea mto sawa, akakaa kwenye kigoda mikono imelala mapajani. Mama alimkodolea macho kwa muda.

"Wewe si ndiye yule msemaji? Mwanangu hunisimulia habari zako."

"Ndiye mimi, mama."

"Mbona husemi?"

Redio akainuka, akamnyooshea shuka.

Saa tano kasoro Shangazi alirudi. Akakaa kitandani miguuni kwa mama, akaanza kuvuta uzi wa taulo. "Sitini walijaa kabla ya saa tatu," alisema. "Nimeandikwa wa akiba, wa saba. Mmoja akikataa, mmoja akihama, huenda wakanifikia." Kisha akamgeukia Redio. "Asante. Wenzako hata hawakunikumbuka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Redio aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda kummalizia kijana upande wa kushoto.

Saa kumi jioni simu ikalia. Kwenye Kochi la Nyuma kulikuwa na neno moja la Shangazi: "Fungueni."

Hakuna aliyefungua. Redio akaketi kwenye kiti cha wateja wake, akaandika kwa kidole kimoja: "Shangazi, nilijua tangu jana saa mbili usiku. Ningeweza kuja kwa miguu. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kusifiwa kwamba najua kunyamaza." Akatuma. Huo hakuufuta.

Mwalimu akafuata: "Mimi ndiye niliyemkemea. Nisamehe." Fundi Bomba naye: "Na mimi nilisema umeshaambiwa."

Kioo cha simu kikaonyesha Shangazi anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Redio alishusha simu mapajani, kwa kuwa alijua kabisa jinsi mtu anavyojitoa kwenye kundi: ni kubonyeza mara moja tu.

Simu ikatetemeka.

"Nilipowasha simu niliona jumbe nne zilizofutwa, na saa zake. Nilikuwa nangoja nione kama utasema."

Kisha: "Daktari akiua mtu, nyamazeni. Jambo likiwa langu, njooni mvunje mlango."

Na baada ya muda kidogo: "Kesho asubuhi narudi getini kuulizia. Redio, uje ukae na mama. Analalamika kwamba leo ulimnyima habari."